Kwilti ya vitenge inavuta, inachuja, inakutia presha: anza kukagua hapa

Wengi mnaoanza kushona kwilti, yaani blanketi za viraka, mnakwama sehemu zilezile, alafu mnaamua kwamba hii kitu ni ya wazungu wenye mashine za mamilioni, salfeti la vipande linarudi chini ya kitanda na habari ndo imeishia hapo. Wala sio hivo. Karibu kila tatizo la kwilti ya vitenge lina sababu ya kawaida sana, shida ni kwamba sababu haikai pale unapoiona. Ukiona mkunjo kwenye mshono, kosa liko kwenye pasi. Pasi iko poa, basi kosa liko kwenye kukata. Umekata vizuri na bado inaenda kombo, rudi kwenye beseni la kufulia. Kwahiyo usikimbilie kufumua, rudi nyuma hatua moja moja mpaka ukutane nalo.

Nachukulia unashona kwa vitu vya kawaida, yaani mabaki ya fundi wa mtaani, khanga zilizochakaa, mashati ya mitumba, na cherehani yoyote ile hata ile nyeusi ya kukanyaga. Hiyo ya kukanyaga usiidharau, umeme ukikatika we unaendelea tu.

Pembe hazikutani, mistari imehama

Huu ndo ugonjwa unaosumbua watu kuliko yote. Umekata miraba yako, umeipanga sakafuni ikapendeza mpaka ukapiga picha, umeshona mstari wa kwanza na wa pili, unakuja kuunganisha mistari unakuta pembe moja iko hapa nyingine imehama nusu kidole.

Kagua kwanza nafasi ya mshono, yaani kile kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo. Fundi wa nguo anaacha nafasi kubwa ndani ili mwenye nguo akinenepa aiachie, na sisi wengi tulijifunza kwa mafundi hao, mkono umezoea. Kwenye kwilti nafasi ni robo inchi, kama milimita 6, na inatakiwa iwe ileile kuanzia kiraka cha kwanza mpaka cha mwisho. Piga hesabu: viraka 10 kwenye mstari vina mishono 9, kila mshono ukila milimita moja ya ziada kila upande umepoteza milimita 18, karibu sentimita mbili, na mstari wa chini yake labda umepoteza tano tu kwa sababu siku hiyo ulikuwa umetulia. Zitakutana vipi?

Dawa yake ni rahisi. Chukua rula, pima robo inchi kutoka ncha ya sindano kwenda kulia, bandika kipande cha selotepu ya karatasi pale kwenye bamba la cherehani, kinyooke sambamba na mshono. Ukingo wa kitambaa ufuate selotepu. Na macho yako yaangalie selotepu, acha kuangalia sindano, sindano haihitaji msaada wako. Alafu jipime: kata vipande vitatu vyembamba vyenye upana wa inchi moja na nusu, viunganishe, piga pasi, pima kile cha katikati. Kikiwa inchi moja kamili uko sawa, kikiwa pungufu umeshona kwa kula sana, sogeza selotepu kidogo karibu na sindano, jaribu tena.

Mshono uko sawa na bado pembe zinahama? Basi ni kukata. Watu wanakunja kitambaa mara nne wanakata kwa mkasi mara moja ili wamalize haraka, ile safu ya chini inateleza na inatoka kubwa kuliko ya juu. Kata safu mbili tu, zaidi ya hapo labda una mkasi wa hatari sana. Na kosa jingine ambalo halionekani kabisa: unakata kiraka cha pili kwa kutumia cha kwanza kama kipimo, cha tatu kwa kutumia cha pili, mpaka ufike cha ishirini kimeshakuwa na ukubwa wake mwenyewe. Tengeneza kipimo kimoja cha kitu kigumu. Boksi linakwisha pembeni kwa kukwanguliwa na mkasi, plastiki ya kifuniko cha ndoo ni nzuri zaidi. Ukitaka mraba wa inchi 4 uliokamilika, kipimo ni inchi 4 na nusu.

Kukata kuko sawa pia? Pasi sasa. Usiburute pasi, ishushe, inyanyue, isogeze, ishushe. Ukiburuta unavuta kitambaa. Na mishono ya mstari wa kwanza ilaze yote kulia, wa pili ilaze kushoto, wa tatu kulia tena, hapo ukiziweka uso kwa uso utasikia kwa vidole kabisa zile mishono zinaumana na kukaa, unachoma pini moja tu na pembe haiendi popote.

Sasa kabla hujafumua kwa wembe mpaka saa nane usiku, jua hili. Kule Alabama, Marekani, kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend, wazao wa watumwa, wakina mama wa pale walikuwa wanashona kwilti kwa suruali za jinzi na mashati ya kazi yaliyochakaa ili watu wasilale na baridi, na mistari yao imepinda, miraba haifanani, rangi zinaruka. Mwaka 2002 kwilti hizo zilitundikwa kwenye jumba la sanaa Houston na baadaye mwaka huohuo kwenye jumba la sanaa la Whitney pale New York, na 2006 zikawekwa kwenye stempu za posta za Marekani. Hakuna aliyewaambia wafumue. Mi kipimo changu ni hiki: pembe imehama chini ya upana wa punje ya mchele, iache. Imehama zaidi na mchoro wako unategemea pembe kukutana, fumua ule mshono mmoja tu.

Kiraka kilikuwa mraba, sa hivi hakieleweki

Hii ni hanamu, yaani kitambaa kilichokatwa mshazari wa nyuzi zake, na kwa vipande vya fundi inatokea sana, maana fundi anakutupia mabaki ya kwapa na shingo na mikato ya sketi, vipande vyenye pande za mshazari. Kitambaa kikivutwa kufuata uzi wa mtande, ule wa urefu, hakiendi kokote, kufuata mshindio, ule wa upana, kinaenda kidogo, kikivutwa mshazari kinanyumbuka mpaka unashangaa. Shika kipande kwa vidole viwili kila upande ukivute, utaona.

Na kitenge kinadanganya. Ua limechapwa limenyooka, unakata kwa kufuata ua, kumbe machapisho yamekaa upande ukilinganisha na nyuzi. Pindo za khanga nazo ni hivohivo. Usifuate ua, fuata uzi. Hujui uzi uko wapi, kata kidogo ukingoni alafu chana kwa mkono, pamba inachanika kwa kufuata uzi wake, hapo ndo una mstari wako ulionyooka bila rula.

Kama kipande ni kizuri na hakina namna ila kukikata hanamu, kitie wanga kwanza. Wanga uleule wa kanzu na sare za shule, koroga unga wa muhogo kidogo na maji baridi, mimina maji ya moto mpaka iwe nyepesi sana ya kuteleza, chovya, anika, kikikaribia kukauka piga pasi. Kitakuwa kigumu na kitakaa kimya kwenye mkasi. Wanga unatoka ukifua. Na upande wa hanamu uweke ndani, ushonewe kati ya viraka vingine, usiuache ukingoni mwa kwilti nzima.

Ukingoni kukiwa na mawimbi, yaani katikati kumelala vizuri ila pembeni kunacheza, kwa kawaida ulichukua ukanda mrefu wa kuzungushia ukaushona tu mpaka ulipoishia, ukakata kilichobaki. Ukanda umeingia mrefu kuliko blanketi. Pima blanketi katikati yake, sio ukingoni, kata ukanda urefu huo huo, choma pini mwanzo, mwisho na katikati, alafu ndo ushone.

Imefuliwa mara moja, nyeupe imekuwa pinki

Rangi imechuja, na hapa hatua ya kurudi ni ile ya mwanzo kabisa, hukufua vipande kabla ya kukata. Nyekundu, buluu iliyokolea na nyeusi ndo hatari. Chukua kipande, kiloweshe, kiweke juu ya kitambaa cheupe, kandamiza na pasi ya moto. Kikiacha rangi, kifue peke yake mpaka maji yatoke meupe. Mara zote nne tano bado kinatoa? Achana nacho, tengenezea kitu kisichokaa na nyeupe.

Chumvi na siki, najua kila mtu ameambiwa, ila kwa rangi za kiwandani ambazo zimeshapakwa hazikamatishi kitu. Utakuwa umepoteza chumvi.

Kama imeshatokea na kwilti imeshakamilika, jambo moja usifanye: usiianike ikauke na doa lake na usiipige pasi. Irudishe majini ingali mbichi, maji mengi ya moto kiasi, beseni kubwa mpaka kwilti ielee yenyewe, sabuni ya maji ya vyombo, iache masaa, mwaga, rudia. Maji yanatakiwa yawe mengi ili rangi ibaki majini isirudi kwenye kitambaa. Mara nyingi inatoka yote au karibu yote.

Kusinyaa ni ndugu yake. Kitenge kipya kinakuja na ile gundi ya kiwandani kinang'aa kama karatasi, ukikifua kinalainika na kinaweza kupungua hata inchi kwenye yadi. Shati la mtumba limeshafuliwa mara mia, halipungui tena. Ukivishona pamoja bila kufua kitenge, siku ya kwanza ya kufua kitenge kinavuta shati na blanketi lote linajikunyata. Fua vyote, hata kama fundi amekuapia.

Na vitenge vingine siku hizi si pamba. Chomoa uzi mmoja, uchome na kiberiti: ukinuka karatasi iliyoungua na kubaki majivu laini, hiyo pamba. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, hiyo poliesta, pasi ya moto itaibabua na haitakaa sawa na wenzake. Tenga mfuko wake.

Chini uzi umejaa, juu kuko safi

Umegeuza kitambaa, nyuzi zimejisokota chini hovyo. Kila mtu anakimbilia bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Bobini haina kosa! Uchafu ukiwa chini, kosa liko juu: uzi wa juu haujaingia kwenye zile sahani za kubana, na mara nyingi ni kwa sababu uliutunga huku kile kimguu kinachobana kitambaa kikiwa kimeshushwa. Kimguu kikiwa chini sahani zimefunga, uzi unapita nje tu unaning'inia. Inua kimguu, toa uzi wote, tunga upya, shusha, shona. Vitanzi vikiwa juu basi geuza maneno, juu pamebana mno au bobini imelegea.

Cherehani inaruka mishono: sindano. Sindano imechoka, imepinda kidogo, haijapanda mpaka mwisho, au upande wake bapa umegeuka. Badilisha kabla hujamwita fundi, sindano ni kitu cha kutupa, masaa nane hivi ya kushona imeshakuwa butu. Kuunganisha viraka namba 11 inatosha, ukishaweka tabaka tatu nenda 14.

Inakata uzi: vuta uzi wenyewe kwa mkono kwanza, ukikatika kirahisi hiyo rola ni ya zamani au ni ya bei chee, hakuna tensheni, yaani kukaza au kulegeza uzi, itakayoiponya. Alafu fungua bamba uangalie kwenye meno, utakuta vumbi la nyuzi limeshindiliana, toa kwa brashi, tone la oili ya cherehani. Oili ya cherehani jamani, mafuta ya kupikia yanaganda yanakuwa gundi, na mashine inakuwa nzito mpaka unadhani imekufa.

Upande wa nyuma kumejaa makunyanzi

Kwilti ni tabaka tatu, juu viraka, katikati kijazio, chini bitana, na makunyanzi ya nyuma yanatoka kwenye kutandika. Ulitandika kitandani, si ndio? Kitanda kinabonyea. Tandika sakafuni, bitana chini uso ukiangalia sakafu, ivute iwe imekaza bila kunyumbuka, ibandike na selotepu pembe zote, kijazio juu, viraka juu yake. Bitana iwe kubwa kuzidi juu kwa inchi 3 au 4 kila upande. Choma pini za kufunga kila upana wa ngumi, au piga bandi, ile mishono ya kuingia na kutoka ya mkono, kwa uzi mrefu, na uanzie katikati ukielekea nje. Kushona pia hivohivo, katikati kwenda nje, ukianza pembeni unasukuma hewa na kitambaa kwenda katikati na hakuna pa kutokea.

Kijazio gani? Inategemea unaishi wapi. Dar au Tanga, weka shuka kuukuu, au usiweke kitu, nani anataka joto Januari. Njombe, Lushoto, Arusha mwezi wa saba, weka blanketi jepesi la flisi. Mafundi sofa wanayo ile pamba nyeupe ya poliesta ya rola na wanakukatia, ila ukiiweka chini ya khanga yenye nyuzi zilizoachana, manyoya meupe yatatokeza juu baada ya muda, na hakuna namna ya kuyarudisha. Chini ya khanga weka shuka.

Ambaye kutandika kunamshinda kabisa, au hana nafasi sakafuni, au hana cherehani, kuna njia nyingine na mi naipenda kuliko zote. Kule jimbo la Karnataka, India, wapo Wasiddi, watu ambao mababu zao walitoka Afrika, wengi upande huu wetu wa mashariki. Wakina mama zao wanashona kwilti kwa mkono, chini wanaweka sari kuukuu, wanaanzia ukingoni wanakwenda ndani wakizunguka, kiraka kimoja baada ya kingine, ukingo wa kiraka unakunjwa ndani na kushonwa palepale kwa bandi inayopita tabaka zote kwa pamoja, mizunguko inakutana katikati. Kwenye pembe wanamalizia na viua vidogo vya kitambaa kilichokunjwa. Hapo huogopi makunyanzi maana kila kiraka unakilaza kwa mkono kabla ya kukishona, hakuna kupima mraba, na vipande vya hovyo vya fundi vinaingia kama vilivyo. Na inakaa mapajani tu, unaweza kushona barazani.

Ulianza ili utulie, sa hivi inakuudhi

Hili nalo ni tatizo na lina sababu zake, msilipite.

Kama unachoka na kukasirika kila ukikaa nayo usiku, angalia ni hatua gani unafanya saa hiyo. Kukata na kupima kunahitaji kichwa, ukifanya baada ya kazi na foleni ya daladala lazima ukosee, ukikosea unafumua, ukifumua unalala na hasira. Kata Jumamosi asubuhi, vingi, vya wiki nzima, viweke kwenye mfuko na sindano na uzi. Jioni ibaki bandi tu. Bandi ya mkono haina hesabu, sindano inaingia na kutoka, mkono unajua wenyewe, na baada ya dakika kadhaa unakuta ulikuwa umebana mabega na yameshuka. Ndo hiyo hali tunayoifuata. Lakini nyeusi juu ya nyeusi usiku kwenye taa ya njano, hapana, macho yatauma na utasingizia kushona.

Vidole vikiuma vaa kastabini, kile kikofia cha kukinga kidole na sindano, kwenye kidole cha kati na tumia sindano fupi, ile ndefu inapinda na unaisukuma kwa nguvu.

Kama ulikuwa unafurahia na furaha imeisha ghafla, jiulize lini ulianza kupokea oda. Shosti aliona kwilti yako akasema nishonee na mimi, dada yake naye, mtu wa kazini ametuma hela nusu, na sasa kuna tarehe. Hela sio mbaya, ila tenga: moja ya oda, moja ya kwako isiyo na tarehe na isiyoonyeshwa mtu. Ukishindwa kutenga, rudisha ile hela nusu mapema, mwambie dada wa watu ukweli, atanuna wiki moja.

Na kama kuna lile blanketi la kitanda kikubwa limekaa mwaka mzima na kila ukiliona kwenye salfeti roho inasinyaa, ulianza na kitu kikubwa mno. Chukua kile kilichokwisha kushonwa, hata kama ni robo tu, kata iwe mraba, tia bitana, fanya foronya ya mto wa sebuleni au kitambaa cha kufunikia kapu la chapati. Vipande vilivyobaki virudi mfukoni, kwilti ya pili iwe ya mtoto, yadi moja kwa yadi moja.